Kabla ya kumpelekea mzazi dishi Kilosa

Juma hili nimeombwa nizungumzie madishi ya televisheni. Walioniomba si wakazi wa Kilosa wala Mikumi, bali ni watoto wao walioko Dar es Salaam na Morogoro mjini. Kila unapokaribia mwisho wa mwaka, ukipita kituo kikuu cha mabasi pale Mbezi utawaona wamekumbatia maboksi mapana yenye picha ya dishi juu ya paa la vigae, wanabishana na utingo juu ya nauli ya mzigo. Ni zawadi ya wazee. Mara nyingine zawadi hiyo imekula mshahara wa mwezi mzima. Mara nyingine ni mzee mwenyewe aliyetuma fedha zake za ufuta akasema, "Mwanangu, ninunulie huko huko mjini, ninyi ndio mnaojua."

Je, kweli tunajua? Kati ya Kilosa, Kimamba na Mikumi nimeyaona madishi mengi ambayo hayatazami setilaiti yoyote tena. Mengine yana kutu, mengine yamegeuziwa ukutani, na moja nililikuta uani limeanikwa pilipili. Ukiuliza, hutaambiwa kwamba lilikuwa bovu tangu dukani. Utaambiwa kifurushi kiliwashinda, au mwembe ulikua, au fundi alikuja mara moja hakurudi tena. Kwa hiyo naomba leo tulichukue jambo hili polepole, tuanze na mahali penyewe halafu ndipo tuje kwenye majina ya makampuni. Wengi wetu huanza na jina, tukaishia kubishana kama washabiki wa Simba na Yanga.

Kwanza, kwa nini dishi? Tanzania Bara tulichelewa sana kupata televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na yao, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku Bara tulingoja mpaka 1994, ITV na vituo vingine vya watu binafsi vilipoanza Dar es Salaam. Mawimbi ya mnara wa ardhini husafiri mstari ulionyooka, hayapendi mlima wala umbali. Kutoka Morogoro mjini hadi Mikumi ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, na sehemu kubwa ya njia hiyo inakatiza hifadhi ya wanyama. Kilosa nayo imekaa chini ya milima, bonde la Mkondoa upande mmoja na vilima vya Usagara kwa nyuma. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata kwa zamu, mwenye antena ya kawaida alilazimika kutafuta kisimbuzi, au king'amuzi kama wengi tunavyokiita. Mwenye mnara karibu alipata picha safi. Aliye nyuma ya kilima hakupata kitu, kwa sababu picha ya dijitali haina chengachenga za kuvumilia: ama ipo, ama haipo.

Basi kabla ya kununua chochote, mwulize mzazi jirani zake wanatumia nini. Kama nyumba ya tatu kutoka kwake wanapata chaneli za taifa kwa antena ya kawaida, na mzee haja yake ni taarifa ya habari na tamthilia za Kiswahili, mnunulie antena, ufungaji wake ni rahisi. Televisheni nyingi za siku hizi zina mtambo wa kupokea mawimbi hayo ndani yake. Hakuna sifa kuwa na dishi pasipo sababu.

Lakini ikiwa jirani wote wana dishi, ujue wameshalijibu swali. Setilaiti haijali mlima. Ipo juu ya Ikweta, kimo cha kilomita 35,786, inazunguka kwa kadiri ile ile dunia inavyozunguka, kwa hiyo kwetu sisi inaonekana imesimama mahali pamoja mchana na usiku. Ukishalielekeza dishi hapo umemaliza, mradi lisisogee.

Linaelekezwa wapi? Hapa ndipo picha ya kwenye boksi inapodanganya watu. Picha ile imepigwa Ulaya, namaanisha Ulaya ya Wazungu, si kata yetu ya Ulaya iliyo njiani kati ya Kilosa na Mikumi. Mtu wa London akitafuta setilaiti yake kuu ya televisheni huinua macho digrii kama 25 tu kutoka upeo wa macho. Sisi wa Kilosa tuko digrii 7 hivi kusini mwa Ikweta, na setilaiti zetu ziko juu sana. DStv kwa Afrika Mashariki hutumia setilaiti iliyo digrii 36 mashariki, na Kilosa yenyewe iko karibu digrii 37 mashariki. Maana yake setilaiti hiyo iko karibu utosini: digrii 82 kutoka upeo wa macho, upande wa kaskazini, na magharibi kidogo tu. Azam hutumia setilaiti iliyo digrii 7 mashariki, mbali kuelekea magharibi. Ukiwa Kilosa au Mikumi utaikuta ukitazama machweo ya jua, kisha ukielekea kaskazini kidogo, kwenye kimo cha digrii 54.

Hapo usichanganyikiwe na macho yako. Madishi haya madogo tunayouziwa yametengenezwa kwa namna ambayo kichwa cha kupokelea, kile mafundi wanachokiita LNB, kinakaa chini, si katikati. Kwa sababu hiyo dishi huonekana limelala kidogo kuliko linakotazama hasa. Tofauti ni digrii 20 na kitu. Mtu akipita akaliona dishi la DStv la Kilosa atadhani linatazama vilele vya milima, kumbe linatazama karibu juu ya kichwa chake.

Tofauti hiyo ya 82 na 54 ndiyo itakayoamua uweke dishi wapi uani kwa mzazi, na kwa maoni yangu ni jambo kubwa kuliko idadi ya chaneli. Nyumba ya Kilosa haikosi mwembe. Kwa dishi linalotazama magharibi kwa digrii 54, mti ulio mita 5 kutoka kwenye dishi haukusumbui mpaka upite kama mita 7 juu ya usawa wa dishi lenyewe. Mwembe mzima unapita mita 7 bila taabu. Kwa hiyo dishi la Azam lataka uwanja wazi upande wa magharibi. La DStv halina habari na mti ulio mbali. Adui yake ni tawi lililo juu yake moja kwa moja, na upenu wa bati. Nimeona dishi limefungwa vizuri ukutani, bolti zote nne zimekaza, fundi amekwenda zake, na upenu umelifunika kama kofia. Picha inatoka kwa chaneli mbili.

Ipo njia ya zamani na ya bure ya kujua kama pana kizuizi. Mara mbili kwa mwaka jua hupita nyuma ya setilaiti hizi. Kwa Kilosa na Mikumi ni siku chache zinazozunguka tarehe 23 Machi, na tena siku chache zinazozunguka tarehe 20 Septemba. Katika siku hizo, karibu na saa sita na nusu mchana jua linakuwa pale pale ilipo setilaiti ya DStv, na karibu na saa tisa alasiri linakuwa pale ilipo ya Azam. Simama mahali unapokusudia kuweka dishi. Kama jua linakupiga usoni pasipo kivuli, mahali hapo panafaa. Kama uko kwenye kivuli cha mwembe, chagua mahali pengine au chukua panga. Na usishangae katika siku hizo picha ikikatika kwa dakika kadhaa saa hizo hizo halafu ikarudi yenyewe. Jua linalizidi dishi kelele. Nasikia wapo mafundi wanaokuja kulipwa kwa "kutengeneza" hitilafu hiyo, na bila shaka hawakosi kufanikiwa.

Sasa mvua. Mawimbi yanayotumiwa na madishi madogo yana urefu wa sentimeta mbili na nusu hivi, na matone makubwa ya masika huyameza na kuyatawanya. Ndiyo maana wingu zito likija kutoka milimani picha inaganda, inavunjika vipande, kisha yanatokea maandishi kwamba hakuna mawimbi. Yale madishi makubwa ya zamani ya futi 6 au 8 yalitumia mawimbi marefu zaidi, ya sentimeta 7 na zaidi, na mvua hayakuiogopa. Lakini nani leo atasafirisha dishi la futi 8 kwa basi? Nayo yalikuwa na kero yao: kwa kuwa kichwa chao kiko katikati na yanatazama juu, yaligeuka beseni, mpaka mafundi wakawa wanayatoboa tundu katikati ili maji yatoke.

Dawa ya mvua kwa dishi dogo ni ukubwa. Dukani utakuta la sentimeta 60 na la sentimeta 90, na muuzaji atakwambia yote yanashika. Ni kweli, siku ya jua yote yanashika. Lakini eneo la dishi la 90 ni mara mbili na robo ya lile la 60, na hiyo ziada yote ni akiba ya siku ya mvua. Kwa setilaiti iliyo digrii 54 mawimbi hukatiza mvua kwa njia ndefu zaidi ya moja ya tano kuliko yale yanayoshuka kutoka karibu utosini, kwa hiyo huko ndiko akiba inakohitajiwa zaidi. Ukiweza, lipia tofauti ya bei. Mzee akikosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku kila siku ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, ataanza kuamini amenunuliwa kitu kibovu.

Lakini dishi kubwa lina sharti lake. Kadiri dishi linavyokuwa kubwa ndivyo jicho lake linavyokuwa jembamba. La sentimeta 90 likihama digrii 1 tu kutoka lilikoelekezwa, karibu nusu ya nguvu ya mawimbi inapotea. Na digrii 1 maana yake ni ukingo mmoja kushuka milimeta 8 tu. Kunguru akitua, hakuna neno. Mtoto akifunga kamba ya nguo kwenye mkono wa dishi, utaliona neno. Kwa sababu hiyo mimi sipendi dishi juu ya bati lililopigiliwa kwenye mbao zilizoliwa na mchwa. Chukua bomba la chuma, lisimamishe wima kwa timazi, lizamishe kwenye zege nusu mita, acha likauke siku kadhaa ndipo ufunge dishi. Bomba likisimama upande, fundi atahangaika kutwa nzima, maana vipimo vyote vilivyoandikwa kwenye dishi vinahesabiwa kwa bomba lililo wima.

Mikumi kuna jambo la ziada ambalo kijitabu cha maelekezo hakikuliwaza. Mji ule umepakana na hifadhi, na wenyeji wanawajua nyani na ngedere kuliko wanavyowajua maofisa wa televisheni. Ngedere akiona mkono wa dishi anaona tawi. Wenyeji wenye busara huzungushia bomba kipande cha bati laini asiweze kupanda, au huweka dishi mbali na mti unaomfikisha. Na Kilosa, kwa wale wanaoishi karibu na Mkondoa, msiweke dishi chini bondeni eti kwa sababu zege lake ni rahisi kuchimba. Waliokuwepo mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto ulipoingia mjini na reli ikakatika, hawahitaji kuambiwa.

Kuhusu waya nitasema kwa ufupi, ingawa ndipo penye udanganyifu mwingi. Waya huo hauleti picha tu. Unapeleka umeme kidogo juu kwenye kichwa cha dishi, wa volti 13 au 18, na kwa kubadili kati ya hizo mbili kisimbuzi humwamuru LNB apokee kundi gani la mawimbi. Waya mwembamba wa bei poa, tena mrefu wa mita 40 au 50, hupunguza umeme huo njiani. Ukiona nusu ya chaneli zipo na nusu hazipo kabisa, usikubali fundi akimbilie kugeuza dishi. Aanze na waya na viungo vyake. Kiungo cha juu kifungwe kwa mpira maji yasiingie, na waya uachwe uning'inie kidogo kabla ya kuingia ndani ya nyumba, maji yadondokee nje.

Fundi atoke wapi? Usimtoe Dar es Salaam, ndugu yangu. Yule aliyekariri mwelekeo wa Dar, akija Kilosa akaliweka dishi la DStv vile vile kwa dira, atakuwa amekosea karibu digrii 2 na nusu, na tumeshaona digrii 1 inafanya nini. Atalipata hatimaye kwa kupapasa, na wewe utakuwa umelipa nauli yake kwenda na kurudi. Fundi wa pale pale ameshafunga kwa jirani, anaujua mwembe wa kila nyumba, na zaidi ya yote anapatikana siku upepo ukija. Patana naye mbele ya mzazi. Mwambie aonyeshe kwenye skrini vipimo viwili, nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi, na kinachohesabika ni ubora. Viandikwe kwenye karatasi na kubandikwa nyuma ya televisheni. Siku picha ikisumbua mzee atakusomea namba kwa simu, nawe utajua kama tatizo ni dishi au ni malipo.

Sasa ndiyo tuje kwenye makampuni na fedha. Muuzaji atakutajia bei ya seti nzima, dishi, kichwa, kisimbuzi na mwezi mmoja wa bure, na mara nyingi bei hiyo itakuwa nafuu ajabu. Ina sababu ya kuwa nafuu. Kampuni haitafuti faida kwenye sahani ya bati, inaitafuta kwenye kila mwezi utakaofuata. Piga hesabu mwenyewe. Tuseme kifurushi ni shilingi 25,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 300,000. Kwa miaka 5, ambao ndio umri wa kawaida wa kisimbuzi kinachotunzwa, ni 1,500,000. Mbele ya fedha hiyo, ile tofauti ya dishi la 60 na la 90 uliyokuwa ukilalamikia ni ya karanga. Swali la haki, ambalo watoto wengi hawaulizani, ni nani atakayelipa milioni moja na nusu hiyo. Kama ni wewe, sema mapema, na uwe na namba ya kadi ya kisimbuzi kwenye simu yako, maana unaweza kulipia ukiwa popote kwa simu. Kama ni mzazi, basi umempelekea ankara iliyofungwa karatasi ya zawadi.

Kinachochaguliwa ni kile kinachotazamwa. Mzee mpenzi wa Simba na Yanga hana haja ya kubembelezwa: Ligi Kuu yetu iko Azam, ambao mwaka 2021 walitia saini na shirikisho la mpira mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Kijana anayekesha kwa Arsenal na Manchester United atakuambia DStv, kwa kuwa kwa miaka mingi ligi ya Uingereza imekuwa huko. Mama anayetaka tamthilia na mahubiri au kaswida anaweza kuhudumiwa na chochote kati ya hivyo, na pia na StarTimes, ambao wana dishi na antena. Hapo dukani taja wazi unataka ya dishi, maana kisimbuzi cha antena hakifanyi kazi na dishi. Usijidanganye kwamba dishi moja la kawaida litashika Azam na DStv kwa pamoja. Setilaiti hizo zimeachana kwa digrii 29 angani; ni madishi mawili au hakuna.

Uliza pia, na uulize kwa maneno haya haya: malipo yakiisha, nini kitabaki? Kisimbuzi kinachozima kila kitu siku ya mwisho wa mwezi ni tofauti sana na kile kinachobakiza chaneli za taifa. Na jambo hili halikuandikwa kwenye jiwe. Mwezi Agosti 2018 wenye visimbuzi vya DStv, Azam na Zuku walikuta chaneli za nyumbani kama ITV zimeondolewa kwa muda, baada ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kushikilia kwamba kampuni zenye leseni ya kulipia hazikuruhusiwa kubeba chaneli za bure. Mtazamaji aliyekuwa amelipa hakuulizwa. Kwa hiyo orodha ya chaneli unayoonyeshwa dukani ni ya leo. Mtu anayenunua dishi kwa ajili ya chaneli moja tu namwona jasiri.

Mikumi ni njia kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia, na malori hulala pale. Kutokana na hilo hupatikana visimbuzi vya bei ya kutupa, vilivyosajiliwa nchi nyingine, na muuzaji huapa kwamba vinafanya kazi. Vinafanya kazi mpaka mwezi wa kulipia. Hapo utatakiwa akaunti ya huko, fedha ya huko, na mtu wa huko. Wapo na wale wa kuchakachua, wanaokuuzia kifaa kinachofungua chaneli zote pasipo kulipa. Mbali na kuwa ni wizi, siku kikizimwa huna pa kwenda kulalamika. Utamwambia nini afisa wa kituo cha polisi?

Na kwa kuwa tuko Mikumi, neno moja kwa mwenye baa na mwenye kibanda umiza. Kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani. Ukikusanya watu sitini kwa kiingilio waangalie fainali kwa kadi iliyoandikishwa sebuleni kwa mama, umevunja mkataba, na kampuni zina vifurushi vya biashara kwa kazi hiyo. Ni ghali zaidi, najua. Gawa kwa viti sitini uone.

Umeme ukikatika tunamlaumu dishi. Kifaa cha kuzuia umeme mkubwa ni cha lazima, kwa sababu umeme unaporudi kwa kishindo ndio unaoua kisimbuzi. Radi ikianza kunguruma upande wa milima, chomoa waya wa umeme na chomoa pia waya wa dishi nyuma ya kisimbuzi. Kwa wale wa vijijini wanaotegemea jua, habari ni njema kuliko zamani. Televisheni ndogo ya inchi 32 ya kisasa hutumia kama wati 40, kisimbuzi kama wati 15. Kwa saa 5 za jioni ni wati-saa 275. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu ili isife mapema, inakupa 600. Ni jioni mbili, hata kama kesho yake jua halikutoka.

Nimeulizwa pia na msikilizaji kwa nini yeye wa dishi hupata bao baada ya jirani wa redio kuwa ameshapiga kelele. Mawimbi huchukua karibu robo ya sekunde kupanda kwenye setilaiti na kushuka, lakini hiyo ni kidogo; muda mwingi hupotea kwenye mitambo inayoibana picha kabla ya kuirusha na kwenye kisimbuzi kinachoifungua upya. Hakuna dishi, hata la sentimeta ngapi, litakalomshinda jirani huyo. Mwombe apunguze sauti.

La mwisho ni la wale wenye nyumba mbili uani, ya wazazi na ya kaka aliyeoa. Dishi moja laweza kulisha nyumba zote mbili. Nunua kichwa chenye matundu mawili, vuta waya mmoja kwa kila nyumba, na kila nyumba iwe na kisimbuzi chake na malipo yake. Usikubali ule ujanja wa kugawa picha ya kisimbuzi kimoja kwenda nyumba ya pili. Mwenye rimoti ndiye atakayetawala nyumba zote mbili, na saa mbili usiku, baba akitaka taarifa ya habari na wajukuu wakitaka katuni, utapigiwa simu wewe uliye Dar es Salaam uamue.